Raketi ya Duara

Msusi alikuwa mtu mzima mwenye saluni yake, na maharusi walimpigia simu mapema kuwahi nafasi, lakini mbele ya dada yake alibaki Kitinda, yule mtoto wa mwisho. Sare ya shule alivaa ya Dada, baiskeli akapanda ya Dada, na walipoanza kucheza padel, mchezo kama tenisi unaochezwa ndani ya kuta za kioo, akapewa raketi ya Dada, ile mwenyewe aliyokwisha kuichoka. Kwao ndivyo mambo yalivyokwenda: kipya kilianzia juu, kikateremka.

Raketi yenyewe ilikuwa na umbo la almasi, ngumu, uzito wote umekaa kichwani. Dada, wakili mrefu asiyejua kunong'ona, aliipenda kwa sababu mpira ukipaa yeye huushukia kama ana kesi nao. Kitinda hakuwa na ugomvi na mpira. Aliivumilia mwaka mzima, kiwiko kikaanza kumuuma, kwanza uwanjani, kisha hata saluni, mpaka siku moja kitana kikamponyoka na kumwangukia mteja mapajani. Tabibu wa viungo akamwambia atafute raketi inayomfaa, la sivyo aache mchezo.

Kuacha kulimtisha kuliko maumivu. Tangu waolewe, Alhamisi jioni uwanjani ndiyo nafasi pekee waliyobaki nayo yeye na dada yake, na Dada si mtu wa kukaa bila mwenzi wa kucheza naye. Kuna jirani yake alishaanza kujipendekeza.

Wakaenda pamoja kwenye duka la pale pale viwanjani. Muuzaji, mwanamke mchangamfu mwenye kofia, akamuuliza Kitinda amecheza muda gani, anapenda kusimama wapi, na ni pigo gani analolifurahia. Aliyejibu ni Dada. Mwaka mmoja, mbele, kwenye wavu, na nguvu hana bado ila atapata. Kitinda akatazama viatu vyake. Dada akamchagulia almasi nyingine, mpya kabisa, akasema safari hii atamnunulia yeye. Alisema kwa upendo wa kweli, na upendo huo ndio uliofanya iwe vigumu kumkatalia.

Mkono wa Kitinda ukaenda wenyewe kwenye rafu ya chini, ukainua raketi ya duara, nyepesi, uso wake laini kidogo.

"Hiyo ya wanaojifunza," Dada akasema. "Watu watakucheka."

"Wacha wacheke, Dada. Kiwiko changu hakicheki."

Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Muuzaji, kwa kuogopa vita dukani mwake, akawapa zote mbili wakazijaribu uwanjani.

Kwa almasi mpya, pigo la pili tu lilimchoma mpaka begani. Akaiweka chini, akachukua ya duara, akarudi nyuma kabisa karibu na kioo. Dada, kule wavuni, akashusha kombora lake. Kitinda aliuacha mpira umpite, ukadunda, ukagonga kioo, ukamrudia taratibu, naye akausukuma tu. Ukapanda. Ukampita Dada juu ya kichwa, ukashuka kwenye kona ya mbali na kufia chini ya kioo.

Kiwiko kilikuwa kimya. Kitinda akasisimka mwili mzima. Alidhani ni bahati, na Dada alidhani hivyo pia, maana alishusha lingine kali zaidi. Nalo likarudi, likapanda, likatua kona ileile. Akamjaribu kulia, akamjaribu kushoto. Kila mpira ulionekana kuwa na muda wa kutosha, na Kitinda akauona uwanja mzima kama hajawahi kuingia humo: jinsi kioo kinavyorudisha, jinsi nafasi inavyofunguka nyuma ya mtu aliyesimama mbele. Vidole vyake vilijua uzito wa kutumia, kama vinavyojua unywele mmoja kati ya nyingi. Alistaajabu. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Dada alikuwa ameshika wavu, jasho likimtiririka.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Siku zote ndivyo nilivyotaka kuupiga. Mkono ulikuwa haukubali."

Dada akajifuta jasho.

"Mwaka mzima tunacheza pamoja," akasema polepole, "na mimi sijawahi kukuona ukicheza."

Kisha akarudi nyuma mpaka kwenye mstari wake, akainama na kushika raketi kwa mikono miwili, kama anavyofanya mbele ya mpinzani asiyemjua, akamwomba mdogo wake aanzishe.