Unga Unaoumuka Wenyewe

Siku Mapafu alipooka mkate wake wa kwanza tangu atoke hospitali, alisahau kutia hamira. Alikanda akiwa ameketi, maana miguu yake bado ilikuwa na deni la usingizi, na kila baada ya muda alitulia kidogo, mikono imezama bakulini, asikilize kifua kinasemaje. Kisha akalifunika donge kwa kitambaa, akaliweka dirishani penye jua, akaenda kujilaza. Alipoamka alilikuta kopo la hamira mezani, kifuniko hakijaguswa, na donge limeumuka mpaka limekinyanyua kitambaa. Akalitia kwenye oveni. Hakuona sababu ya kugombana na donge lililofanya kazi yake.

Jina la Mapafu alilipata kiwandani miaka mingi nyuma, na wakati huo halikuwa la kejeli. Kiwanda cha unga wa ngano kilikuwa nyuma ya nyumba yao, na mifuko yake ya karatasi ilifika ikiwa bapa, imegandana. Wanawake wa chumba cha kufungasha waliuchomoa mfuko mmoja, wakauweka mdomoni, wakaupuliza mara moja usimame, wakautega chini ya bomba la unga. Unga ukashuka, mfuko ukajaa, mwenzao akaushona. Mapafu aliweza kuisimamisha hata ile mikubwa ya waoka mikate kwa mpulizo mmoja, kisha anawatazama wenzake na kuuliza, "Nani mwingine ana kifua?" Pumzi iliingia mfukoni, na unga uliposhuka ulirusha vumbi likaingia kifuani mwa aliyepuliza. Yalikuwa mabadilishano, ila hakuna aliyeulizwa kama anayataka.

Mwishowe kifua chake kikajaa unga. Daktari alimwandikia vidonge, mboga za majani, kazi nyepesi na hewa safi. Vidonge akapewa palepale. Hayo mengine akaambiwa ajitafutie. Kiwanda nacho hakikumtupa. Kila mwisho wa wiki kilimpelekea mfuko wa unga wa kumpa pole, wenye picha ya mkate mnene na maneno HUUMUKA WENYEWE, ambayo Mapafu alikuwa ameyaona maisha yake yote bila kuyasoma.

Aliyeuleta mfuko huo ni binti yake, Cheko, ambaye sasa ndiye aliyesimama mahali pa mama yake chini ya bomba. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, na nyumba ya kiwanda hukaliwa na mwenye kazi kiwandani. Cheko alikuwa akisomea ukunga. Aliacha katikati, na chuo kikakubali kumwekea nafasi yake mpaka muhula ujao. Kwa hiyo Mapafu hakuwa na nafasi ya kuugua kwa starehe. Alitaka apone kabla ya muhula kuanza, arudi bombani, mtoto arudi kwa wakunga wenzake. Hilo ndilo aliloliombea asubuhi na jioni. Mengine yote alimwachia Mungu apange atakavyo.

Mkate ulipoiva aliutoa, akaumega ungali moto. Ndani yake ikatoka pumzi. Haikuwa mvuke, mvuke ulipanda juu ukaishia darini kama kawaida. Pumzi ilitoka taratibu, ikamzunguka, nayo ilikuwa na harufu ya tangawizi aliyokuwa na tabia ya kuitafuna kazini. Mapafu akaijua kuwa ni yake. Akafungua kinywa, ikaingia, ikashuka mahali pake. Akala mkate kwa chai. Alipomaliza alikwenda kwenye bomba la maji kusuuza kikombe, na njiani hakushika ukuta.

Tangu siku hiyo akawa anaoka kila siku, na hamira akampa jirani.

Bustani ilianza kwa sababu ya daktari. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi ambacho kwa miaka kilikuwa kimeotesha matofali mabovu na vizibo vya chupa. Mapafu alikilima akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachimba mbele yake, kisha anaisogeza ndoo. Haba na haba hujaza kibaba, matuta yakapatikana. Fundi viatu wa nyumba ya pili, aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita, alimletea samadi na soli kuukuu za kuzungushia matuta.

"Shemeji, hizi soli zimetembea sana," alimwambia. "Ziache nazo zipumzike."

"Zisije zikaondoka na karoti zangu tu," Mapafu akasema.

Akapanda karoti, vitunguu, spinachi, na mstari mmoja wa nyanya ukutani. Miche ilichipua ikiwa na ule uso wa lawama ambao miche yote huwa nao, akaimwagilia kwa kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari. Kila jioni aliikagua mmoja mmoja kama mwalimu anayekagua kucha, na alifurahi kuliko alivyokuwa amefurahi kwa muda mrefu.

Kisha siku moja alimega mkate, pumzi iliyotoka ikapiga mluzi.

Mapafu aliutambua wimbo kabla haujafika katikati. Ulikuwa wa Bi Mluzi, mke wa fundi viatu, aliyesimama naye bega kwa bega katika chumba cha kufungasha mpaka kikohozi kilipomwangusha. Ghalani unga wa zamani huchanganywa na mpya, kwa hiyo halikuwa jambo la kuuliza. Pumzi ile ilizunguka jikoni, ikachungulia kabatini, ikatua begani kwa Mapafu na kungoja. Mapafu akabana midomo. Alikuwa na shida ya pumzi, hilo halina ubishi, lakini pumzi ya mtu si kanga ya kuazima.

"Mwenyewe hayupo, shoga yangu," aliiambia. "Nenda nje ukakae na mboga."

Akafungua mlango wa nyuma. Pumzi ikatoka, ikaenda kwenye nyanya, na majani yakaanza kutikisika bila upepo. Baada ya hapo zilikuja na nyingine, za wanawake waliokuwa wamezikwa, na kila moja akaifungulia mlango. Nyanya zilipanda mpaka zikashika paa. Spinachi ikawa na majani mapana ya kufunikia sufuria. Majirani walipopita na joto la mchana walisimama kidogo karibu na ua, wakaipata ile hewa shingoni, wakasema bustani ya Mapafu ina upepo wake, wakaendelea na safari.

Fundi viatu alikuja na kigoda chake. Akaketi karibu na nyanya, akasikiliza mluzi mpaka mwisho.

"Anakosea palepale," alisema.

"Wapi?"

"Hapo pa kupanda. Miaka yote nilimwambia apandishe, yeye anashusha." Akapangusa macho kwa kiganja chenye rangi ya viatu, akabaki na doa jeusi shavuni. "Naomba nije na kesho."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mapafu akamjibu. Akawa anakuja kila jioni na viatu vya watu, anavishona palepale.

Kifua cha Mapafu kikafunguka. Aliacha ile ndoo, akawa analima kwa kusimama. Aliimba. Siku akiimba mishororo miwili bila kukatiza alikuwa anajisemea kuwa mambo yameiva, muhula haujaanza, wahi mama wahi. Labda ndiyo sababu hakuona mapema kilichokuwa kikimpata mwanawe.

Cheko aliitwa Cheko kwa kuwa alikuwa na kicheko kirefu, cha kuanzia chini na kupanda ngazi, ambacho zamani kiliwahi kumfanya jirani aje kuomba amani. Siku hizo alikuwa anacheka kifupi. Fundi viatu akisema kichekesho chake, Cheko alicheka ngazi moja, kisha akaweka mkono kifuani na kungoja. Mapafu alidhani ni uchovu. Mkate ndio uliomweleza. Aliumega jioni moja kabla binti hajarudi, na kicheko kikatoka mle ndani, kizima, kikapanda ngazi zake zote mpaka darini.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mapafu akauziba mkate kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo, kicheko kinamtekenya vidoleni, mpaka Cheko alipoingia, nywele nyeupe kwa unga.

"Mama, mbona umeushika mkate hivyo?"

Mama akaachia. Cheko akasikiliza.

"Ni changu hicho," alisema.

"Ni chako. Kaa ule."

Cheko akala, akacheka kwa sababu ya doa kwenye shavu la fundi viatu aliyeketi nje karibu na nyanya, akacheka mpaka mwisho. Asubuhi akaenda kazini, akakipuliza chote mifukoni. Jioni mama akatafuta. Siku nyingine mkate ulikuwa na pumzi ya Cheko, siku nyingine haukuwa nayo, maana mifuko ilikwenda mji mzima. Katika nyumba za kule juu kilimani watu walikula mkate mwepesi, laini, wakapanda ngazi wakizungumza, na watoto wao walicheza kutwa bila kuhema. Walijua ni kwa sababu wamelelewa vizuri.

Msimamizi wa chumba cha kufungasha alikuja mwenyewe na mfuko wa wiki ile. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikula vipande vinne vya mkate. Aliisifu spinachi. Mapafu akamweleza yaliyomo kwenye unga, tangu kosa la hamira hadi kicheko, naye akasikiliza akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni kweli, mama. Tunajua. Ndiyo maana unaumuka." Akajifuta makombo. "Kuna mwaka tulileta pampu ya kupuliza mifuko. Nzuri sana, hata kelele haina. Unga ukalala kama udongo, wateja wakalia. Ikabidi tuiuze."

"Basi mimi nimepona," Mapafu akasema. "Nirudishe bombani. Huyu mtoto arudi chuoni, muhula unaanza."

"Kurudi, karibu hata kesho. Oda zimeongezeka, na kifua chako kila mtu anakikumbuka." Msimamizi alishusha macho, kwa sababu alikuwa na moyo, na moyo wake ulimsumbua kidogo. "Tatizo ni nyumba. Sasa imeandikwa kwa binti. Wewe utakuwa mwajiriwa mpya, na wapya wanangoja zamu ya nyumba. Cheko akiondoka, nyumba inaondoka naye."

"Na bustani?"

"Bustani imeshika ardhi ya nyumba, mama."

Nje Bi Mluzi alifika pale pa kupanda, akashusha. Mapafu aliyatazama matuta yake kupitia mlangoni, akamtazama fundi viatu kwenye kigoda chake, kisha binti yake, aliyekuwa amekunja mikono na kungoja kuambiwa. Aliumia. Hakulia, kwa kuwa kulia humaliza pumzi, na pumzi alikuwa na kazi nayo.

"Basi utuweke bomba moja," alimwambia msimamizi. "Mimi na yeye."

"Hilo linawezekana kabisa," msimamizi akasema, akafurahi kwamba kuna lililowezekana. Mapafu akamfungia nyanya kwenye karatasi, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, naye akashukuru, akavaa viatu vyake.

Asubuhi mama na binti walitoka pamoja, kila mmoja na kipande cha mkate mfukoni. Wanawake wa chumba cha kufungasha walimshangilia Mapafu, wakamtania kwamba bustani imemnenepesha. Akachomoa mfuko wake, akaupuliza, ukasimama. Kisha msimamizi alipogeuka kuangalia bomba la mbali, akauchukua na mfuko wa Cheko, akaupuliza na huo. Cheko akamnyang'anya uliofuata. Wakanyang'anyana hivyo mpaka kengele, kimyakimya, kila mmoja anamwibia mwenzake kazi, na msimamizi alipowaona aliona wafanyakazi wenye bidii.

Muhula ulianza, na nafasi ya Cheko akapewa mwingine.

Jioni Mapafu alikanda, donge likaumuka, mkate ukaiva. Aliumega juu ya meza. Pumzi ikatoka, ina harufu ya tangawizi, na ndani yake kuna kicheko.

"Yako hiyo, mama."

"Yako. Kula."

Waliisikiliza vizuri, lakini tangawizi na kicheko vilikuwa vimeshikana, na hakuna aliyeweza kuvitenganisha. Mapafu akachukua kisu, akaukata mkate katikati. Walikula polepole, mlango wa nyuma ukiwa wazi, fundi viatu anagonga soli kwa kufuata mluzi wa mkewe. Kisha wakasimama wakaosha vyombo, kwa sababu kesho yake walikuwa na zamu ya asubuhi.