Nyongeza ya Kibirizi

Mkono wangu ulikuwa ndani ya tangi hadi kwapani, nikilisogeza jiwe kubwa kutoka kona moja kwenda nyingine, na Mgambo alikuwa akiniuma kidole.

Haumi kwa kuumiza. Ni samaki wa ukubwa wa kiganja, mwenye milia myeusi, na jina hilo tulimpa kwa sababu yeyote anayekaribia mawe yake humfukuza kama mgambo wa soko anavyofukuza wauza nyanya. Kwa kumtazama tu nilikuwa nimegundua kwamba ukimpangia mawe upya, anapotelewa na mipaka ya kiwanja chake, na kwa siku kadhaa anakuwa mpole kama mgeni. Basi Jumapili tukitoka kanisani nilikuwa nampangia.

"Unamhamisha nyumba," mke wangu alisema kutoka kwenye kochi alipokuwa akimenya ndizi. "Tabia anahama nayo."

Erica ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Njombe, na kilichomleta Kigoma ni ajira. Mimi ni Mha wa Kasulu, fundi katika karakana ya reli. Tulioana mwaka jana, tunaishi Katubuka, na tangi la kioo pale sebuleni ni letu sote wawili, ila samaki tuna wetu. Mgambo ni wangu. Wale wapole wenye mikia ya njano, wanaopita pamoja kama watoto walioambiwa wasipige kelele, ni wa Erica. Na wa Erica pia ni Nyongeza.

Nyongeza ni mwembamba, rangi ya fedha, hana makuu. Alitoka kwa Mama Marcelina, anayeuza dagaa mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa. Nyavu zikileta vile visamaki vya rangi vikiwa hai, mama huyo humwekea Erica kwenye ndoo. Lakini kwa miezi mingi aliuziana naye kama mtu na mpita njia: pesa, mzigo, kwaheri. Erica aliwaona wanawake wengine wakiongezewa konzi ya dagaa bila kuomba, na yeye hakuongezewa kitu. Aliniambia hilo mara moja tu, huku akifua, na hakulirudia. Ndipo asubuhi moja akamsalimia Mama Marcelina kwa Kiha, "Mwakeye." Mama akacheka, akamrekebisha namna ya kutamka, kisha akachota samaki mmoja wa fedha na kumtumbukiza kwenye ndoo. "Na huyu nyongeza yako, mwanangu."

Siku hiyo Erica aliingia na ile ndoo kama mtu aliyegawiwa kiwanja. Alimpigia mama yake simu hadi Njombe kumwambia.

Baada ya hapo wale wa njano wakaanza kunyofolewa magamba. Kila mara tuliona kidonda kipya, kidogo, ubavuni. Erica akaweka kanuni: anayejeruhi anatoka. Nilikubali, kwa sababu ilikuwa ya haki. Na macho yote yalikuwa kwa Mgambo. Hata Mudathir, fundi wa alumini wa Ujiji aliyetutengenezea tangi, kila akipita aliuliza kama tumeshamtia chumvi.

Sasa nilipotoa mkono majini, Erica aliweka kisu chini na kusogea kwenye kioo. Mmoja wa njano alikuwa na jeraha bichi.

"Leo basi," alisema. "Mudathir akija saa kumi, aondoke naye."

Sikubishana. Nilimvua Mgambo kwa chujio, nikamweka kwenye ndoo, akaanza kuipiga ndoo vichwa. Moyo uliniuma, maana huyu samaki akiniona nimerudi kazini huja kwenye kioo kunipokea. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Mgambo huuma popote: mkia, uso, kidole changu. Vidonda hivi vyote vilikuwa ubavu wa kushoto.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya tangi.

Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Kisha Nyongeza akashuka taratibu, akakaa nyuma ya wale wa njano kama anayesubiri zamu. Akajipinda kidogo, akachomoka, akarudi mahali pake. Gamba likametameta mdomoni mwake na likamezwa. Nilingoja mpaka akanigeukia uso kwa uso, nikamwona mdomo. Ulikuwa umepinda, umeelekea kulia kwake, kama umeumbwa makusudi kwa kazi ya kuchukua ubavu wa kushoto kwa nyuma.

Sikumchukia. Kila mmoja hula alichoumbiwa. Nilichoogopa ni kumwambia mwenye naye.

"Mwalimu," nikaita. "Njoo ukae hapa. Usiniulize kitu, angalia tu."

Alikuja na ndizi mkononi. Tukakaa, mabega yanagusana, Mgambo akiendelea kupiga ndoo. Nyongeza akashuka tena, akajipinda, akachomoka.

Erica alisema kwa sauti ndogo, "Labda alikuwa anambusu."

Nyongeza akarudia.

"Hambusu," alisema Erica.

Mudathir alifika na limao kwenye mfuko wa shati. Nilimweleza yote, akainama kwenye kioo, akamtazama Nyongeza, kisha Mgambo ndani ya ndoo.

"Yaani mwenye kelele hana kosa, na huyu mstaarabu ndiye mwizi," alisema. "Shemeji, mrudishe Kibirizi. Hana hata nyama ya kufaa limao langu."

"Nyongeza hairudishwi," Erica alisema. "Nikimrudishia Mama Marcelina atadhani nimemdharau. Ndiyo kwanza ameanza kuniita mwanangu." Akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na kanuni niliiweka mwenyewe. Anayejeruhi anatoka. Sasa huyu atoke aende wapi?"

Mudathir akaliangalia limao lake.

"Ulisema anatoka," nilimwambia. "Hukusema anatoka nyumbani."

Mudathir kila siku hutengeneza fremu za nyavu za mbu kwa ajili ya madirisha. Nilimuuliza kama hawezi kututengenezea moja ya kusimama katikati ya tangi, maji yapite, Nyongeza asipite. Akapima kwa shubiri, akasema kitu kama hicho hakihitaji futi, akapanda pikipiki yake kwenda Ujiji. Huku nyuma tulibadilishana wafungwa. Mgambo alirudi tangini, akakuta mawe siyo yale, akazunguka na adabu zake zote. Nyongeza akaingia kwenye ndoo, Erica akamfunika kwa kipande cha chandarua.

Fremu ilikuja ikiwa nzuri, imenyooka, na fupi. Pembeni palibaki nafasi ya vidole viwili. Mudathir alisema tangi limeongezeka. Erica akamwambia shubiri ndiyo imepungua, na safari hii akachukua rula yake ya shuleni, akapima mwenyewe. Kipande kingine kitakatwa kesho.

Tuliiegemeza fremu ukutani. Jiwe moja bado lilikuwa sakafuni juu ya taulo, sijalipatia kona. Erica alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo na vipande vidogo kabisa vya dagaa, akividondosha kimojakimoja. Nyongeza aliviacha vizame.

"Kesho kabla ya shule nitapita Kibirizi," alisema. "Nitamuuliza Mama Marcelina samaki huyu anapenda kula nini."

"Na yeye akikuuliza kwako anakula nini?"

Alifikiri kidogo, akadondosha kingine.

"Nitamwambia hana shida ya chakula."