Kugawanya kwa Saba

Nyangau wa Marani aliijua hesabu ya gredi kuliko bei ya ndizi zake. A ni pointi kumi na mbili, B tisa, C sita. Jumlisha, gawanya kwa saba, upate herufi moja ya kuwatajia majirani. Wanawe wakubwa aliwapigia hesabu hiyo na haikumwangusha. Lakini Linda, kitinda mimba, alisomeshwa Nairobi na shangazi yake Persis, kwenye shule ya mtaala wa Waingereza, na karatasi aliyorudi nayo ilimvuruga babake akili.

Ilikuwa na B mbili na C tatu, basi. Gredi ya jumla haikuwapo. Akaigeuza, nyuma peupe. Karo yote ile, kisha mtoto apewe matokeo nusu? Kumuuliza Linda aliona haya. Mzee wa kanisa mzima afundishwe kusoma matokeo na binti yake?

Akiwa bado anakuna kichwa, simu ikalia. Ni rafiki yake Mogaka, mwalimu katika chuo cha uuguzi mjini Kisii.

"Nafasi imebaki moja," alisema Mogaka. "Wanataka C plain kwenda juu. Wako alipata nini?"

Nyangau akajumlisha harakaharaka: thelathini na sita. Akagawanya kwa saba: tano na kitu. Haikufika sita ya C.

"Ni C minus," alisema.

"Pole sana, ndugu yangu."

Hakumwambia mtu. Wiki nzima alimtazama Linda kwa huruma iliyochanganyika na hasira, naye Linda hakuelewa amekosa nini. Jumatatu binti akaenda mwenyewe chuoni kuomba nafasi. Alirudi jioni, macho mekundu.

"Tata, nafasi wamepea mtu mwingine. Mwalimu Mogaka anasema ulimwambia niko na C minus. Hiyo uliitoa wapi?"

Nyangau akamweleza hesabu yake, akijikanyaga.

"Saba?" Linda aliuliza. "Mimi nilifanya masomo matano. Na huko hawajumlishi, kila somo linasimama peke yake."

Nyangau akagawanya upya, kwa tano. Saba na kitu. C plus.

"Kumbe ulipita," alisema, na furaha ikampanda kabla hajajua anafurahia nini. Kisha akaikumbuka nafasi ya chuo.

"Siku hiyo nilikuwa hapa nyumbani, Tata," Linda alisema. "Ungeniuliza."