Mikono ya Yumna

Katika nyumba ya Mwanakuu, pale Kibokoni, mtoto hakuwa akigusa kazi. Yumna alikuwa na miaka sita, nduguye Jamaldin minne, na hakuna aliyewahi kushika ufagio. Wakila, sahani huondolewa mbele yao. Wakivua nguo, huokotwa nyuma yao. Yumna akisogea kwenye uteo wa mchele, mamake humwambia, "Wacha mwanangu, wende ukacheze." Majirani wakisema, nusu mzaha nusu kweli, "Mwanakuu, watoto hao utawaozesha kama maembe." Yeye hucheka, akaendelea na shughuli zake.

Sababu alikuwa nayo, ila hakumwambia mtu. Hata mumewe Khubaib aliijua nusu. Mwanakuu alifiwa na mamake akiwa na miaka saba, akatolewa Faza kuja Mombasa kulelewa na shangazi yake. Malezi yenyewe yakawa ni kuteka maji alfajiri, kufagia vyumba vitatu, kufua nguo za binamu waliomzidi umri, kisha kula ukoko uliobaki chini ya sufuria. Siku moja bilauri ilimponyoka ikavunjika. Shangazi alimshika kiganja akakibandika kwenye sufuria ya moto, huku akisema, "Mkono mbovu we! Mkono wa balaa!" Kovu lilififia baada ya miaka. Lile neno halikufifia. Ndipo siku aliyomzaa Yumna akavitazama vile vidole vidogo na kuapa kwamba havitachoka kwa ajili ya mtu yeyote.

Mwaka wa tisini na nne Mwanakuu akashika mimba. Mbili zilikuwa zimeharibika tangu azaliwe Jamaldin, kwa hivyo daktari hakumficha. "Ukimtaka mtoto huyu, lala. Usinyanyue hata ndoo, mpaka nikwambie."

Akalala. Bi Nana, jirani wa chini, alimletea chakula cha mchana kila siku, Mungu amjaze kheri. Lakini yaliyobaki yalimwangukia Khubaib, seremala aliyetoka asubuhi kwenda karakana yake Makupa na kurudi jioni na vumbi la mbao kwenye kope. Alipika wali usiojulikana kama ni wali au ni uji. Alifagia katikati ya chumba, pembeni akapaacha. Mwanakuu, kitandani, aliona kupitia mlangoni masufuria yakipandana jikoni, nzi wakitalii, na machozi yakamtoka. Watoto walikaa kando yake mikono mapajani, wakimtazama.

Wiki ya pili alikuja kumjulia hali mwalimu wa Yumna wa chekechea kule Tononoka, mama mmoja wa Kigiriama aitwaye Sidi, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwalimu. Niwie radhi, siwezi kuinuka."

"Starehe, mamake Yumna, starehe. Pole sana." Sidi alikaa kwenye kigoda, akaweka kando mfuko wa machungwa. "Lakini una bahati, unaye Yumna. Darasani kwangu hakuna amshindaye kwa kuosha vikombe vya uji."

Mwanakuu akajiinua kwa kiwiko. "Kuosha nini?"

"Vikombe. Kila mtoto huosha chake. Yumna akimaliza chake huomba na vya wenziwe."

"Mwalimu," Mwanakuu alisema, "mimi nimemleta mwanangu asomeshwe. Sikumleta awe kijakazi wa watu."

Sidi hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. "Nikimkataza hulia, mama," alisema. Kisha akamwombea afya, akaaga, akashuka ngazi polepole.

Yumna alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mama, usimgombeze mwalimu. Mimi napenda."

"Wapenda nini?"

"Kuosha. Mwalimu hukiangalia kikombe, kisha husema, kimetakata." Alikuna mguu mmoja kwa mwingine. "Hapa nikitaka kufanya kitu waniambia nikae. Kama mgeni."

Kama mgeni. Mwanakuu alijigeuza akaangalia ukuta. Yeye alikuwa mtumwa katika nyumba ya shangazi yake, sasa mwanawe anamwambia ni mgeni katika nyumba ya mamake. Hakuwahi kufikiri kwamba mtoto aweza kuumia kwa upande huo pia.

Alasiri akamwita. "Yumna, kalete uteo, na mchele kwenye kibati. Jamaldin, nawe ndoo hapa."

Wakapanda kitandani wote wawili. Akawaonyesha namna ya kuutandaza mchele kwa kidole, kuuvuta kidogo kidogo, kutafuta vijiwe. Jamaldin kila akipata kijiwe alipiga ukelele kama aliyeokota lulu, na kimoja alikitia mdomoni kuhakikisha. Mchele wa kibaba kimoja uliwachukua muda ambao Mwanakuu angechambua pishi nzima, na punje nyingine zikaingia kwenye mashuka. Lakini usiku ule Jamaldin alimwambia babake asitafune haraka, kwa sababu wali ule ni wake yeye.

Tangu hapo hawakuzuilika. Yumna aliosha sahani akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Jamaldin alipanga vijiko na kukunja taulo kwa maumbo asiyoyajua mtu. Maji yalitapakaa jikoni, Khubaib akateleza akaanguka kitako, wakacheka mpaka Bi Nana akagonga dari kwa mpini wa ufagio kuuliza kuna nini.

Sasa kabatini kulikuwa na bakuli moja la kauri, jeupe, lina maua ya buluu. Lilikuwa la marehemu mamake Mwanakuu, kitu pekee alichotoka nacho Faza. Alhamisi moja Yumna aliona lina vumbi, akataka kumfurahisha mamake. Alilitoa bila kusema, akalitia sabuni. Mwanakuu alisikia mlio wake likipasuka sakafuni, na kabla hajafikiri chochote, sauti ikamtoka:

"Mkono mbovu we!"

Mwanakuu alijiziba mdomo. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya shangazi, na ukali wake, na lile "we" la mwisho linalopiga kama kofi. Shangazi alikuwa ameshazikwa miaka kumi, na kumbe yuko humu humu kifuani akingoja kitu kivunjike.

"Yumna!" Hakuitika. "Yumna, mamangu, ndoo hapa kwangu. Sikupigi. Pita mbali na vigae."

Alikuja akiwa ameficha mikono nyuma. Mwanakuu alimwita mpaka akaketi karibu, akaitoa ile mikono, imelowa, ina povu bado, akaishika.

"Nimekutukana, nimekosa. Nisamehe. Neno lile niliambiwa mimi, nikiwa mdogo kama wewe."

"Ulivunja bakuli?"

"Bilauri." Akamhadithia. Hakumhadithia yote, bali kadiri ya sikio la miaka sita. Akamwonyesha kiganja. Yumna alipitisha kidole juu ya kovu ambalo halikuonekana sana, akauliza kama lilimuuma. Mwanakuu akasema ndiyo. Aliona ajabu kulisema.

"Sitaki kuosha tena," Yumna akasema.

Mwanakuu alivuta pumzi. Ilikuwa rahisi kumwambia basi, wende ukacheze. Alikuwa amelisema miaka yote. Lakini akaona akimwachilia hivi, mtoto atakwenda na lile neno mkononi, kama yeye alivyokwenda nalo.

"Leo usioshe peke yako," alisema. "Niletee karai hapa, na maji kidogo, na vile vikombe vya asubuhi. Tutaosha sote."

Karai likawekwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mwanakuu alilala ubavu, akateremsha mkono mmoja majini, na Yumna miwili. Waliosha vikombe vinne. Cha mwisho Mwanakuu alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuzageuza.

"Kimetakata," alisema, na Yumna akalia kwa mara ya kwanza tangu bakuli livunjike.

Jumamosi alimtuma Khubaib kwenda kumwita Mwalimu Sidi. Mwalimu alipofika, Mwanakuu hakuzunguka. "Nilikuvunjia heshima, mwalimu. Nilikuwa nagombana na mtu mwingine." Sidi alisema ameshasahau, jambo ambalo halikuwa kweli, wakanywa chai pamoja mpaka alasiri.

Mtoto alizaliwa salama mwezi wa Novemba, msichana, mwenye sauti ya muadhini. Hapo Yumna alikuwa ameshachoka na vyombo, akitaka kubembelezwa kila jioni, na siku nyingine Mwanakuu alimbembeleza, siku nyingine akamwachia. Nguo za mtoto, lakini, hizo yeye na Jamaldin walizipigania. Siku ya arubaini mama mtu alikuta wamekaa sakafuni na rundo la winda zilizokauka, wakivutana.

"Mama, mwambie Jamaldin! Yuwakunja vibaya!"

"Si vibaya! Hivi ndivyo zinavyokunjwa!"

Mwanakuu alizitazama zile winda, zilizokunjwa na ambazo labda zimekunjwa. Akamlaza mtoto, akajinyoosha kando yake, akafumba macho mchana kweupe, akawaacha wamalize wenyewe.