Mjusi Ndani ya Kifuko

Kwa Biasha, mjusi hakuwa na msamaha. Tangu utotoni alifundishwa kwamba ndiye aliyeupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, na kwamba anayemuua kwa pigo moja huandikiwa thawabu nyingi. Kandambili zake pale Kikole zilikuwa na thawabu za kutosha kijiji kizima.

Ndiyo maana mgeni wake, Magdalena, binti msomi kutoka Newala, hakumwambia kilichokuwamo ndani ya kifuko cha kitambaa alichokitundika ukutani. Alisema tu kwamba amekipata alichokuwa akikitafuta, na kwamba bwana mkubwa wa mkoani akikiona kesho, yule mwekezaji wa mbao hatapewa msitu wao. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, wawekezaji walikuwa wakimiminika, na msitu ule ndio uliotunza kisima cha kijiji.

"Mungu akubariki, mwanangu," Biasha alisema. Asubuhi, bado ana furaha, akaingia kukusanya nguo za mgeni azifue. Kifuko nacho kilikuwa kimejaa vumbi. Akakifungua.

Mjusi mdogo kama kidole, mwenye koo la manjano, akarukia ukutani. Pigo moja tu. Biasha akamfagilia uani, na kuku akammeza pale pale.

Magdalena aliporudi kutoka kuoga, alikiona kifuko kitupu, akakaa chini.

"Mama, humu mlikuwa na mjusi. Duniani kote yuko kwenye msitu huu tu, na msimu mzima nimempata huyo mmoja. Hukumwona?"

Uso ulimwaka Biasha. "Sijamwona, mwanangu. Labda hukukifunga vizuri."

Mchana bwana mkubwa alifika, akanywa soda, akataka aonyeshwe huyo mjusi.

"Nilifunga vibaya, mzee. Amenitoroka," Magdalena akajibu mbele ya majirani.

"Basi ametoroka na msitu," bwana akasema, akacheka, akapanda gari lake. Biasha alikuwa amesimama na sinia mkononi. Aliona aibu, lakini hata aibu ile haikumfungua mdomo.

Vumbi la gari halijatua, Magdalena akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mama. Msitu wenu nimeupoteza mimi, kwa uzembe wangu."

Biasha alitamani ardhi ipasuke immeze. Majirani wote walikuwa wakimtazama yeye, wakingoja.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema.