Taa Ambazo Hazikuwaka

Mkunga alianza kucheza mpira wa magongo akiwa na miaka arobaini na mbili, daktari alipomwambia apunguze mwili. Kwa kuwa mbio zilimshinda, wenzake walimweka golini. Miaka tisa baadaye mbio bado zilimshinda, lakini mpira kumpita ilikuwa kazi. Wakambatiza Ukuta.

Ligi yao ya watu wazima ilikuwa na timu sita: manesi, walimu, makarani, mafundi cherehani, watu wa kutoka kazini na kubadilishia nguo ndani ya gari. Mwenyekiti alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mume wa mdogo wake Ukuta. Kikao cha kufungua msimu kilifanyika stoo kwake, wajumbe wamekalia mifuko ya saruji.

"Ada inapanda," alisema. "Kutoka thelathini elfu hadi sitini kwa kila mchezaji. Uwanja umepanda, waamuzi wamepanda, taa nazo zinakula umeme."

Ukuta akanyoosha mkono. "Taa zipi, shemeji? Si tunacheza saa tisa mchana?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akakunja uso. "Shemeji, wewe daka mipira. Hesabu tuachie wenyewe."

Jumatatu asubuhi alipotoka zamu ya usiku hakupitia nyumbani. Alikwenda kwa mtunza uwanja, akamkuta akichora mistari ya chokaa. Naye, bila kinyongo, akamfungulia daftari lake. Bei ya uwanja ilikuwa haijaguswa kwa miaka mitatu. Umeme, ligi haikuwahi kulipia hata senti moja.

Akaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki: uwanja, waamuzi wawili kila mechi, mipira, barafu, bandeji. Akajumlisha, akagawa kwa wachezaji tisini. Ishirini na nane elfu. Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la simu la ligi, na chini yake akaandika: "Sisi tutalipa hii. Anayedai zaidi atuonyeshe risiti."

Jibu lilikuja kabla ya saa sita mchana: timu yake imefungiwa msimu mzima kwa utovu wa nidhamu.

Jioni mdogo wake, mshambuliaji wa timu hiyohiyo, aligonga mlango.

"Dada, si ungeninong'oneza tu? Nyumbani kwangu hakukaliki. Anasema umemvua nguo mbele za watu."

"Kasema nimekosea hesabu?"

Mdogo wake alichezea ufunguo mkononi. "Hilo hajasema."

"Basi mimi Jumamosi naenda uwanjani. Wewe ukibaki, sitakununia. Ndoa ni yako."

Jumamosi Ukuta aliingia uwanjani na pedi zake miguuni, wachezaji tisa nyuma yake. Makarani, waliokuwa wapinzani wao siku hiyo, walisimama wakiangaliana. Mwenyekiti alikuwa katikati ya uwanja.

"Timu hii imefungiwa! Atakayecheza nayo, naye nje!"

Ukuta akampita kama hamwoni, akasimama golini, akagonga milingoti yote miwili kwa gongo lake. "Anayetaka kunifunga, aje!"

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa hesabu. "Hesabu ya ile kadi nimeipiga mara tatu," alimwambia mwenyekiti. "Inatoka ileile." Akapuliza filimbi.

Nahodha wa makarani alimtazama mwenyekiti, akautazama mpira, akauanzisha.

Dakika ya kumi mdogo wake Ukuta aliingia akihema, jezi kaivaa kinyume. "Kalificha gongo langu! Nipeni lolote!"

Timu ya Ukuta ilifungwa manne kwa mawili. Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka na kombe la ligi na mfuko wa mipira. Wiki iliyofuata timu nne kati ya sita zililipa ishirini na nane elfu na kumkabidhi Ukuta uongozi. Haikuwa lelemama: mvua ilifuta mechi mbili, mwamuzi mmoja akaingia mitini, na mipira mipya ikabidi inunuliwe kwa mchango. Kila senti aliiandika, karatasi akaibandika getini.

Mwezi wa tatu wa msimu shemeji yake alituma ujumbe: atarudisha kombe akiombwa radhi.

Ukuta aliusoma akiwa wodini, akinawa mikono kati ya mzazi mmoja na mwingine. Akajibu: "Kaa nalo, shemeji. Sisi tunacheza."