Kiazi Kitamu Chini ya Kabichi

Mke wangu Ermelinda hakutulia tangu asubuhi. Sufuria yetu ilikuwa imeshafukiwa kando ya ziwa la Furnas, kwenye udongo unaochemka wenyewe kwa moto wa volkano, na nyama ikishafukiwa huko huna la kufanya ila kungoja hadi mchana. Yeye akafagia palipofagiwa. Akanituma kwa Tibúrcio, anayefukia na kufukua sufuria za watu, nikaulize kama shimo letu lina moto wa kutosha.

"Shimo ni lile lile la miaka yote," nikamwambia. "Una nini leo?"

"Nina mume mwenye maswali."

Nikajua ni mambo ya Zulmira, dada yake mkubwa. Naye alikuwa amefukia sufuria yake siku hiyo, na hawa wawili hawasalimiani tangu matanga ya mama yao. Pale, mbele ya watu, Ermelinda alisema cozido ya Zulmira, yaani nyama na mboga hizi za kufukia, ni chakula cha watalii, maana ina viazi vitamu, na mama hakuwahi kutia kiazi kitamu kwenye cozido. Zulmira akamjibu kwamba mama alivitia miaka yake yote ya mwisho, alipoishiwa na meno. "Ila wewe ulikuwa Kanada." Tangu hapo wakikutana kanisani, kila mmoja anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mimi nilikuwa upande wa mke wangu, kama mume yeyote anayetaka kulala kitandani kwake.

Tibúrcio alipoifukua sufuria, nikaibeba ikiwa imefungwa kitambaa cha mistari ya buluu, nikaitua mezani. Njaa ilikuwa inanikata. Ermelinda akafungua, akainua kabichi, akapekua magimbi na soseji za damu mpaka chini. Akatoa kiazi kitamu, na kingine, vyote na maganda yake.

"Hii ni ya Zulmira."

"Lakini kitambaa ni chetu."

"Ni kitambaa cha meza cha mama. Tulikikata katikati, mimi na yeye, naye hufungia yake kwa nusu yake." Akainuka. "Gualter, beba. Twende kabla hajafungua yetu."

"Nyama ni nyama, mke wangu. Tule tu."

"Na yetu ina kiazi kitamu," akasema. "Kimoja. Nimekificha chini ya kabichi."

Nikamtazama. Alikuwa amegeukia dirishani.

"Nilitaka kujua mama alikuwa anakula nini."

Tukateremka, mimi nimeikumbatia sufuria ya moto. Mara ananiambia nikaze mwendo, mara nisimame kwanza.

"Tukikuta ameshafungua, tunageuza."

"Na sufuria?"

"Tunaiacha mlangoni."

"Na mimi ninakula nini?"

Tukafika. Mlango ulikuwa wazi. Zulmira, mjane, alikuwa peke yake mezani, na sufuria yetu iko wazi mbele yake. Nyama hakuigusa. Kwenye sahani yake kulikuwa na kitu kimoja tu, cha rangi ya machungwa, kimepondeka.

"Umekimenya," akasema, bila hata salamu. "Ukikimenya kinakuwa rojorojo. Mama alikuwa anakiacha na ganda lake, anakuja kukimenya mezani kwa vidole. Anajiunguza, anacheka."

Nikangoja jibu. Mke wangu hakosi jibu, nimeishi naye najua. Nilishaanza kuangalia pa kuitua sufuria ili nimshike mkono tuondoke.

"Ningejuaje, dada," Ermelinda akasema. "Sikuwepo."

Zulmira akainuka. Kisha akaja akaifungua sufuria mikononi mwangu, akachokoa kwa uma, akatoa kiazi kizima na ganda lake. Akakiweka kwenye sahani, upande wa pili wa meza, akavuta kiti.

"Haya, kimenye. Kwa vidole."

Ermelinda akaketi. Kilikuwa bado cha moto. Akakimenya huku analia na kupuliza vidole, Zulmira akimwelekeza aanzie wapi, na hakuna aliyekumbuka kunipa sahani.